Msingoje mtu azeeke ndipo mumhoji kabila lake

Kwa Wajumbe wa Kamati za Uhakiki wa Vyeti vya Makabila,
Jimbo la Maharashtra, India.

Nakala: Wizara ya Masuala ya Makabila, New Delhi.

Yah: Kufutwa kwa vyeti vya kabila baada ya miaka mingi ya utumishi

Waheshimiwa,

Mimi ni wakili wa Dar es Salaam niliyesomea sheria katika mji wenu wa Pune, kama walivyosomea huko Waafrika Mashariki wengi kabla yangu na baada yangu. Nawaandikia kwa Kiswahili, tena hadharani, kwa sababu mbili. Jambo ninalolisemea linawagusa watu ambao mababu zao walitoka upande wetu huu wa bahari na ambao leo ni raia wenu. Na huku kwetu nako serikali zimeupenda sana uhakiki, kwa hiyo nataka wasomaji wangu waone unakuwaje pale unapoachwa bila kikomo cha muda.

Ombi langu nalitanguliza ili msipate taabu ya kulitafuta. Mtu aliyepewa cheti na ofisa wa serikali, ambaye hakughushi kitu wala hakuficha kitu, asifutiwe cheti hicho akiwa na miaka ishirini au thelathini kazini kwa sababu ameshindwa kueleza harusi za ukoo wake zilikuwaje. Mhakikini kabla hajaingia. Mpeni jibu ndani ya muda unaojulikana. Mkishampa, liheshimuni jibu lenu, isipokuwa ukipatikana ushahidi wa udanganyifu.

Sisemi kwamba uhakiki haufai, na nitarudi kulisema hilo kwa uzito wake. Kwanza niwaeleze wasomaji wa huku, ambao wengi wao wanatoka katika nchi ambayo hati zake hazimwulizi mtu kabila. Sensa ya mwisho Tanzania kuuliza swali hilo ilikuwa ya mwaka 1967.

India ilichagua njia nyingine, na ilikuwa na sababu nzito. Kuna watu waliozaliwa katika matabaka ambayo kwa karne nyingi hayakuruhusiwa kuteka maji kisima kimoja na wengine, na kuna makabila ya misituni na milimani ambayo ardhi yao ilimegwa na wakoloni, wakopeshaji na wenye mashamba. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1950, katika ibara za 341 na 342, ikampa Rais mamlaka ya kutangaza orodha ya matabaka hayo na makabila hayo, na orodha ikishatangazwa ni Bunge peke yake linaloweza kuongeza au kupunguza jina. Aliye katika orodha hutengewa nafasi. Katika ajira za serikali kuu ni asilimia 15 kwa matabaka yaliyoorodheshwa na asilimia 7.5 kwa makabila. Maharashtra yenyewe imetenga asilimia 13 na asilimia 7. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 104 wa makabila hayo, asilimia 8.6 ya Wahindi wote. Ili kupata nafasi hiyo lazima uwe na karatasi, na mahali palipo na karatasi yenye thamani kiasi hicho, ugomvi hauwezi kukosekana.

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi. Nafasi inayochukuliwa na asiyestahili ananyang'anywa binti wa Gadchiroli au wa Nandurbar ambaye amesoma shule ya bweni ya serikali, akitoka kijiji ambacho mvua zikianza hakifikiki. Yeye hana mjomba wilayani wala hajui ofisa gani wa kumwona. Nafasi ile ilitengwa kwa jina lake, na aliyeichukua alikuwa na baba mwenye duka mjini na jina la ukoo linalofanana na la kabila la binti huyo. Huo ni wizi, na nafsi yangu haipati shida kuuita hivyo. Mashirika ya Waadivasi, yaani watu wa makabila hayo, yanayolalamika kwamba wageni wamekula viti vyao yana haki ya kulalamika, na lolote nitakalolisema hapa chini lisitumiwe kuwanyamazisha.

Ila tuangalie mkorogo huu ulikotoka. Orodha za mwanzo zilitaja kabila pamoja na eneo. Mthakur au Mmahadeo Koli alitambuliwa akiwa wa wilaya fulani au tarafa fulani, na akihama upande wa pili wa jimbo alikuwa si kitu. Lilikuwa jambo la kuonea watu, na mwaka 1976 Bunge lenu likapitisha sheria ya kuondoa mipaka hiyo ndani ya jimbo. Kuanzia hapo jina lenyewe, popote lilipo Maharashtra, likawa mlango wazi. Majina yenu, waheshimiwa, mnayajua kuliko mimi. Thakur ni kabila la milima ya Sahyadri, na pia ni jina la heshima linalobebwa na watu wa tabaka la juu. Koli ni wavuvi wa pwani ya Mumbai, na Mahadeo Koli ni watu wa milimani. Halba ni kabila la misitu ya mashariki, na Halba-Koshti ni wafumaji wa nguo wa Nagpur na miji jirani ambao hadi leo wanashikilia kwamba wao ni Wahalba walioshika ufumaji. Ndani ya kila kundi kati ya haya kuna waongo, na kuna watu wanaosema kweli kabisa kwa kadiri babu zao walivyowaambia.

Gharama ya jina moja mmewahi kuiona kwa macho. Tarehe 23 Novemba 1994, maelfu ya watu wa jamii ya Gowari walikusanyika Nagpur wakati Bunge la jimbo likiwa katika kikao cha majira ya baridi. Walidai kwamba wao ndio wale ambao orodha inawaita Gond Gowari. Polisi wakawarudisha nyuma kwa virungu, umati ukakanyagana, wakafa watu 114, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, tawi la Nagpur, ikawapa haki. Tarehe 18 Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, ikisema Gowari na Gond Gowari ni wawili tofauti, lakini ikawaachia walichopata wale waliokwisha kupokelewa vyuoni na kazini katika miaka ile miwili. Hilo la mwisho naomba mlishike, kwa sababu ndilo ninalowaombea wengine.

Kamati zenu zilizaliwa na hukumu ya Septemba 1994, katika shauri la mabinti wawili wa familia moja waliodai ni Mahadeo Koli ili wasome udaktari. Mahakama ya Juu iliona kwamba Waadivasi wanaibiwa, ikaagiza kila jimbo liunde kamati ya watu watatu, chini yake kikosi cha upelelezi kitakachokwenda hadi kijijini kwa mwombaji, kuchimbua rejista za shule, kuwahoji wazee, na kupima kama familia ina mila za kabila inalolitaja: miungu yake, ndoa zake, mazishi yake, matambiko yake. Maharashtra ikayatia hayo katika sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2001. Kwa sheria hiyo mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mwombaji. Cheti cha wilayani pekee hakitoshi, lazima kifuatiwe na hati ya uhalali kutoka kwenu. Mkikifuta, kazi imekwenda, shahada imekwenda, na mwenye kudanganya anaweza kufungwa kuanzia miezi sita hadi miaka miwili.

Karatasi za aina hiyo nimeziona kwa karibu. Nilikuwa na rafiki darasani, mtoto wa fundi wa karakana ya reli kule Bhusawal, ukoo wao Thakur. Faili lake alilibeba ndani ya mfuko wa plastiki ngumu, ule wenye vifungo, na hakuliweka chini hata tukinywa chai. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa kivuli cha ukurasa wa rejista ya shule ya msingi aliyosoma babu yake kabla ya uhuru. Maandishi yalikuwa ya Modi, yale ya zamani ya Kimarathi yenye mkono unaoteleza bila kunyanyua kalamu. Yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma. Alilipa msomaji mwenye kibali, akapewa tafsiri iliyogongwa muhuri wa rangi ya zambarau, na katika safu ya tabaka paliandikwa neno moja, Thakur. Akaniambia kwamba ukurasa ule ulikuwa umeokolewa kwa bahati, kwa sababu kurasa zilizotangulia zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Kamati, ambayo siitaji, haikuubishia ukurasa. Ilimwuliza kuhusu mila. Mungu wa nyumbani kwenu ni nani? Bibi harusi hupewa nini, na nani anayempa? Maiti huzikwa au huchomwa? Ngoma za mavuno mnachezaje? Kijana aliyekulia kwenye nyumba za reli, jirani yake Mtamil upande huu na Mbihari upande ule, akajibu ukweli: harusi za kwao huita kuhani, hukodi ukumbi, na nguo hununuliwa sokoni. Bibi yake angeweza kujibu vingine, lakini bibi alikwisha kufa. Kaka yake mkubwa, baba mmoja mama mmoja, alikuwa na hati ya uhalali iliyotolewa miaka ya nyuma kwa ushahidi uleule. Yeye akanyimwa. Kaka akabaki wa kabila, mdogo akawa si wa kabila, wakaendelea kula sahani moja. Nilipoondoka Pune shauri lake lilikuwa bado liko Mahakama Kuu ya Bombay.

Tangu siku hizo nimekuwa nikijiuliza kipimo hiki cha mila kinapima nini. Kinamkamata aliyekulia mjini, na kumpitisha aliyekariri. Mwongo mwenye fedha atamlipa mtu amfundishe miungu yote ya Wathakur kwa wiki mbili. Mkweli ambaye babu yake alishuka mlimani kutafuta mshahara wa reli hana cha kukariri, kwa sababu hakujua kwamba siku moja serikali itamtaka aigize maisha ya babu yake. Tena anashindwa kwa sababu amefanya lile ambalo nafasi hizo zilitengwa ili afanye, yaani kusoma, kuhama, kupata kazi na kuishi kama raia wengine.

Hapa ndipo nawaingiza ndugu zetu Wasiddi. Kwa wasomaji wasiowafahamu, hawa ni wazao wa Waafrika waliofika India kwa karne nyingi, wakiwa watumwa, askari, mabaharia na wafanyabiashara, kutoka Uhabeshi hadi pwani yetu. Waheshimiwa mnaishi juu ya historia yao. Malik Ambar, mtumwa wa Kihabeshi aliyepanda hadi kuutawala ufalme wa Ahmadnagar kwa niaba ya wafalme wake, aliujenga mji uliokuja kuitwa Aurangabad, akafa mwaka 1626. Ngome ya Janjira, ile iliyoko baharini mbele ya Murud, ilikuwa ya watawala wa Kisiddi hadi India ilipojitawala. Lakini Wasiddi wengi hawakuwa watawala. Walikuwa vibarua wa misituni na watumishi wa majumbani, na ndiyo maana katika baadhi ya majimbo wameingizwa kwenye orodha ya makabila.

Tazameni walivyoingizwa. Gujarat inawatambua katika wilaya zilizotajwa za rasi ya Saurashtra. Msiddi wa Jambur, karibu na msitu wa Gir, anapata cheti. Msiddi wa Ratanpur, wilaya ya Bharuch, anayeishi chini ya kilima chenye kaburi la Bava Gor, walii anayeheshimiwa na Wasiddi wote wa Gujarat, hayumo. Huko Karnataka waliingizwa mwaka 2003, lakini wale wa wilaya ya Uttara Kannada tu. Aliyekuwa ng'ambo ya mpaka wa wilaya, Belagavi au Dharwad, akiwa na binamu zake upande wa pili, alingoja hadi Bunge lilipopitisha marekebisho ya mwaka 2020. Miaka kumi na saba mtu na binamu yake walitenganishwa na mstari wa ramani.

Sasa mfikirie Msiddi wa Karnataka akikaa mbele ya kamati inayopima kwa mila. Mungu wa kabila lenu ni nani? Katika misitu ya Yellapur na Haliyal kuna Wasiddi Wahindu, Wasiddi Waislamu na Wasiddi Wakristo, na huoana. Mazishi yenu? Inategemea nyumba. Lugha yenu? Kikonkani huku, Kiurdu kule, Kikannada shuleni. Kwa kipimo cha mila hawa si kabila moja hata kidogo. Kwa macho ya jirani aliyewanyima kazi na nyumba, hawakuwahi kuwa kitu kingine. Kama kipimo kinawashinda watu ambao ukabila wao umeandikwa usoni mwao, mnakitegemeaje kumpima mtu ambaye sura yake ni sawa na ya mjumbe anayemhoji?

Nakiri kwa furaha kwamba Mahakama yenu ya Juu imeliona hili. Mwaka 2011 ilisema kipimo cha mila kisiwe ndicho neno la mwisho, kwa kuwa watu wanahama na dunia inabadilika. Tarehe 24 Machi 2023, katika shauri lililofunguliwa na jumuiya ya kutetea Wathakur, majaji watatu wakaliweka wazi zaidi: nyaraka za zamani zitangulie, hasa za kabla ya 1950, upelelezi ufanyike pale tu kamati isiporidhika na nyaraka, na ndugu wa damu wa upande wa baba akiwa na hati ya uhalali iliyotolewa baada ya uchunguzi wa haki, mwombaji asisumbuliwe upya. Ningekuwa rafiki yangu ningeibandika hukumu ile ukutani. Lakini mashauri yanazidi kufika Bombay yakionyesha kwamba baadhi yenu bado mnakipa kipimo hiki uzito ambao mahakama ilikwisha kukipunguzia. Ofisa wa kikosi cha upelelezi bado anarudi na fomu yenye maswali yaleyale, na katika uamuzi inaandikwa sentensi moja tu kwamba mwombaji "ameshindwa kuthibitisha mila", basi.

Muda ndio unaonitia uchungu kuliko yote. Mwanafunzi wa leo anayetaka udaktari au uhandisi hudaiwa hati ya uhalali mapema, na hilo ni jambo jema. Lakini nyuma yake kuna kizazi kizima kilichoajiriwa miaka ya themanini na tisini kwa cheti cha wilayani pekee, enzi ambayo ndiyo iliyokuwa karatasi ya mwisho. Makarani wa benki, walimu, wauguzi, madereva wa mabasi ya jimbo. Mwajiri aliwapeleka kwenye uhakiki miaka mingi baadaye, faili likalala, mjumbe akahamishwa, kamati ikakaa bila mwenyekiti, mtu akapigwa danadana kutoka ofisi hii hadi ile. Barua ya kufutiwa cheti ikamkuta ana mjukuu.

Mahakama yenyewe imekuwa na kauli mbili juu ya watu hawa. Novemba 2000, majaji watano walipoamua kwamba Halba-Koshti si Halba, walimwachia shahada yake mwanafunzi aliyekuwa amekwisha kuwa daktari, kwa sharti asidai tena kuwa wa kabila. Wengi wakalishika hilo kama ngao. Julai 2017, katika mashauri yaliyoongozwa na lile la Shirika la Chakula la India, ngao ikaondolewa: sheria ya Maharashtra inasema cheti kikifutwa na manufaa yanafutwa, na kwamba mtu alikuwa na nia njema si hoja. Naielewa mantiki ya hukumu ile. Huruma kwa aliyeko ndani ni ukatili kwa yule binti wa Gadchiroli aliye nje. Ila hukumu iliupima uzito wa mtu mmoja na mwingine, ikauacha pembeni uzito wa tatu, wa dola iliyogonga muhuri, ikapokea kazi ya mtu miaka thelathini, na haikuuliza swali hadi alipokaribia kiinua mgongo.

Jimbo lenyewe lilihisi hivyo. Desemba 2019 likatoa waraka wa kuwahamishia watumishi waliofutiwa vyeti kwenye nafasi za ziada za muda, za miezi kumi na moja kumi na moja, ili nafasi za asili zijazwe na Waadivasi wenyewe. Ni nusu ya dawa. Mtumishi wa miaka ishirini na tano akawa kibarua wa kuhuishwa mkataba, na Waadivasi wakaendelea kungoja nafasi zilizoahidiwa.

Linganisheni na wakubwa. Ajit Jogi, waziri mkuu wa kwanza wa jimbo la Chhattisgarh, alianza kubishiwa kwamba ni wa kabila la Kanwar akiwa bado madarakani. Kamati zikaundwa, maamuzi yakatolewa, yakatenguliwa, yakatolewa upya mwaka 2019, na alipofariki Mei 2020 shauri lilikuwa bado mahakamani. Navneet Rana alichaguliwa mbunge wa Amravati mwaka 2019 katika kiti kilichotengwa kwa matabaka yaliyoorodheshwa. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Bombay ikafuta cheti chake cha tabaka la Mochi na kumtoza faini ya laki mbili za rupia. Katika mwezi huohuo Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu. Na tarehe 4 Aprili 2024 ikamrudishia cheti, muhula wake ukiwa umefika ukingoni. Siamui kati yao na wapinzani wao. Nasema tu kwamba mwanasiasa anaweza kuutumia muda mrefu wa shauri kumaliza kipindi chake. Muuguzi wa zahanati anasubiri bila pensheni.

Sisi huku tuna mfano wetu, wala si wa kujivunia wote. Aprili 2017 Serikali ya Tanzania ilipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya elimu, na watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, wengi wakiwa na miaka mingi ya utumishi. Mwaka 2022 Serikali ikaamua warudishiwe angalau michango waliyokatwa wenyewe kwenye mishahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii. Na hao walikuwa wameghushi! Walijua kwamba cheti cha kidato cha nne wanachokionyesha si chao. Mthakur wa Bhusawal hakughushi. Alikwenda kwa ofisa wa tarafa, akatoa alichokuwa nacho, ofisa akaandika na kugonga muhuri. Iweje aliyedanganya Tanzania arudishiwe jasho lake, na aliyepewa karatasi na serikali yenyewe Maharashtra apoteze yote?

Majirani zetu wa Kenya nao walikuwa na kamati za kupiga msasa, ambazo Mnubi wa Kibera au Msomali wa Garissa alipaswa kupita mbele yao kabla ya kupata kitambulisho, wakati mwenzake wa mlima Kenya alikipata kwa kuonyesha cha mzazi wake. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ilisema Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Na watu wa mikoa yetu ya mpakani, Kigoma na Kagera, wanajua maana ya kuulizwa babu yako alizaliwa kijiji gani na nani anaweza kushuhudia. Ndiyo maana naiandika barua hii mahali ambapo na wao wataisoma.

Basi naomba mnisikilize katika haya. Mwenye kuomba kazi au chuo ahakikiwe kabla ya kuingia, na kamati ikae miezi sita, isizidi. Ikizidi bila kosa la mwombaji, cheti chake kihesabiwe ni halali hadi mtakapothibitisha vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha uhamie kwenu. Mkikuta ndugu wa baba mmoja ana hati, msimwite mdogo wake kumwuliza ngoma za mavuno. Rejista za zamani za shule na vitabu vya vizazi na vifo vya vijijini, vile ambavyo Vidarbha mnaviita vya kotwali, zipigwe picha zote na kuwekwa mahali pa wazi kabla mchwa hawajamaliza. Hilo litamwokoa mkweli na kumfichua mwongo anayebandika kurasa, maana leo kila mmoja anategemea nakala iliyotolewa na karani mmoja. Aliyethibitika kughushi mpelekeni mahakamani, na yule ofisa aliyemgongea muhuri kwa hongo apelekwe naye. Nimesoma hukumu nyingi za kufuta vyeti, na ofisa aliyetoa cheti huonekana humo kwa nadra sana, wakati bila mkono wake kusingekuwa na kesi.

Na kwa mzee aliyekwisha kuzeeka kazini bila udanganyifu, tenganisheni mambo mawili ambayo sheria ya 2001 imeyafunga pamoja. Nafasi irudi kwa Waadivasi, leo hii, pamoja na zile zote zilizocheleweshwa. Watoto na wajukuu wa mzee huyo wasidai tena kwa mgongo wake. Lakini mshahara alioufanyia kazi ni wake, na pensheni inayotokana na kazi hiyo ni yake. Mkihitaji Bunge la jimbo kurekebisha kifungu, liombeni. Pendekezo likitoka kwenu litasikilizwa kuliko likitoka kwa wakili wa ng'ambo.

Kuhusu Wasiddi wa Ratanpur, najua jambo lao haliko mikononi mwenu. Ndiyo maana nimeipelekea Wizara nakala. Kilichofanyika kwa Belagavi na Dharwad mwaka 2020 kinaweza kufanyika kwa Bharuch kwa njia ileile ya Bunge, na kianze sasa, kabla watoto walioko darasa la kumi hawajavuka umri wa kuomba.

Mkianza, anzeni na mafaili ya wastaafu. Mko nayo, yana tarehe juu ya jalada, na haihitajiki kikosi cha upelelezi kuyapanga kwa umri wa wenyewe. Jibu lenu naweza kulipokea kwa Kimarathi au kwa Kihindi. Nitalitafsiri neno kwa neno na kuomba lichapishwe hapahapa ilipochapishwa barua hii.

Wenu katika sheria,

Wakili wa Mahakama Kuu,
Dar es Salaam.